Fuvu linalia, bunju analowa: soma dalili kabla ya kushika vanishi

"Mwalimu, fuvu linalia."

Alisema hivyo mwanafunzi wa kidato cha pili, asubuhi ya kwanza baada ya likizo fupi ya Pasaka. Masika ilikuwa imeshika Tanga kwa wiki tatu, na madirisha ya maabara yalikuwa yamefungwa muda wote huo. Nilipofungua kabati niliona alichokiona. Fuvu la mbuzi tulilolihangaikia miezi miwili na kulipaka vanishi mara tatu lilikuwa na matone ya manjano chini ya taya. Yalikuwa yamepenya kwenye ufa mwembamba kama unywele, yakatiririka hadi kwenye lebo na kufuta jina la mnyama. Rafu ya chini yake, bunju mkavu, yule samaki anayejijaza upepo, alikuwa amelowa kama katolewa baharini jana. Na kwenye trei ya vipepeo, chini ya kila kiwiliwili, palikuwa na kichuguu cha unga wa kahawia usiozidi ncha ya kiberiti.

Vyote hivyo tulidhani viko salama kwa sababu vilikuwa vinang'aa. Hapo ndipo wengi tunapokosea. Vanishi haihifadhi kitu, bali inafungia kile kilichomo. Ukiipaka juu ya mafuta, mafuta yatatafuta ufa. Ukiipaka juu ya unyevu, kuvu itaota chini yake usione. Ukiipaka juu ya mayai ya wadudu, umewajengea nyumba. Kinachohifadhi mfupa, ngozi au samaki mkavu ni kutoa nyama na mafuta yote, kukausha hadi ndani, kisha kuuweka mbali na unyevu, wadudu na jua. Kupaka ni hatua ya mwisho kabisa, na mara nyingi si ya lazima.

Kwa hiyo anza na dalili.

Vipimo vya dakika tano

Chukua mzani wa jikoni, karatasi nyeupe na tochi. Pima uzito wa sampuli jioni tatu mfululizo, saa ileile. Uzito ukizidi kushuka, ndani bado mna maji hata kama juu pamekauka kau. Ukipanda siku za mvua na kushuka siku za jua, sampuli inafyonza unyevu wa hewani, na kwa vitu vya baharini sababu karibu kila mara ni chumvi.

Kisha ilaze juu ya karatasi nyeupe, mahali penye joto, siku nzima. Doa linaloifanya karatasi ionyeshe upande wa pili na lisilokauka ni mafuta. Doa linalokauka na kuacha ukingo mweupe ni chumvi. Igongegonge taratibu juu ya karatasi nyingine, umulike kinachodondoka.

Mwisho, nusa. Harufu ya panya aliyefia darini ina maana kuna nyama au ubongo uliobaki: tazama tundu la nyuma ya fuvu, ndani ya pua, nyuma ya matamvua ya samaki, kwenye mashina ya mapezi. Harufu ya karanga zilizochacha ni mafuta. Uvundo, kama wa nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi, ni kuvu. Na ukisikia harufu ya siki, acha sampuli kwanza ukalichunguze kabati, maana kosa huenda ni lake.

Uozo hauna dawa ya kupuliza. Sampuli inayooza inarudi kwenye maji, inasafishwa upya, basi.

Mfupa una madoa ya manjano, unanata au unatoa matone

Hili ndilo lililotupata, na ndilo ninaloulizwa zaidi. Mfupa una vijitundu ndani kama sponji, na vijitundu hivyo vimejaa mafuta. Yanajificha hasa nyuma ya fuvu, kwenye taya chini ya magego, na kwenye vichwa vya mifupa mirefu karibu na uboho. Joto la Pwani linayalainisha, yanatoka nje polepole kwa miezi, hata miaka.

Kosa letu la kwanza lilikuwa sufuria. Tulichemsha kichwa saa mbili nzima ili nyama itoke haraka, na kweli ilitoka. Lakini maji yanayotokota yanasukuma mafuta yaliyoyeyuka ndani zaidi ya mfupa, na wakati huohuo yanaidhoofisha kolajeni, ile protini inayoufanya mfupa uwe mgumu bila kuwa dhaifu kama chaki. Kosa la pili lilikuwa kung'arisha kabla ya kutoa mafuta. Dawa ya kung'arisha haiondoi mafuta. Mfupa ukitoka kwenye dawa unaonekana mweupe pe, nawe unafurahi, baada ya wiki chache manjano yanarudi palepale. Vanishi likawa kosa la tatu, juu ya yote.

Tiba inahitaji subira kuliko fedha. Ondoa vanishi kwa thina iliyoandikwa kwenye kopo lake, au asetoni, kwa pamba, nje penye upepo na mbali na moto. Kisha zamisha mfupa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sisi tulitumia ndoo nyeusi yenye mfuniko, tukaiweka juani kutwa. Ndoo nyeusi inapata joto la kutosha bila umeme wala mkaa. Mfuniko ni muhimu, kwa sababu ndoo ya maji iliyoachwa wazi wiki nzima ni kiwanda cha mbu. Maji yakiwa na ukungu mweupe, au utando unaong'aa ukielea juu, yamwage uweke mapya. Fuvu la mbuzi lililochemshwa kama letu lilichukua wiki kumi na moja. La nguruwe linaweza kuzidi hapo, maana nguruwe ana mafuta hadi mfupani. Kwa mfupa mrefu, toboa tundu la milimita 2 au 3 kila mwisho, upande usioonekana, ili maji yafike kwenye uboho.

Kuna watu wanaotumia petroli kwa kazi hii. Usithubutu, hasa ndani ya shule. Mvuke wake unasafiri mbali kuliko unavyodhani, na jiko moja la mkaa nyuma ya jengo linatosha.

Maji yakikaa siku tatu bila kubadilika, kausha mfupa kivulini wiki mbili, urudie kipimo cha karatasi. Karatasi ikibaki safi, ndipo unapong'arisha kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile inayouzwa duka la dawa. Siku moja au mbili zinatosha. Usikaze mfuniko, kwa sababu dawa hii inatoa gesi na chombo kinaweza kupasuka. Suuza vizuri, kausha tena.

Ukianza na kichwa kipya, mwombe muuza nyama asikipasue kwa panga wala kukichoma manyoya. Toa nyama kwa kisu, kisha kiloweke kwenye maji ya kawaida hadi nyama iliyobaki ioze na kuachia yenyewe. Kinanuka, sikufichi, weka mbali na madarasa. Lakini fuvu linalotoka hapo ni imara, na mafuta mengi yamekwisha kutangulia.

Mfupa unamomonyoka, unaacha chaki mkononi

Uliza kama ulitiwa jiki. Jawabu ni ndiyo karibu kila mara. Jiki inaila kolajeni, na mabaki yake yanaendelea kula hata baada ya kusuuza mara moja. Kwanza ni weupe mzuri, baadaye kingo zinakuwa butu, mwishowe mifupa myembamba ya puani inavunjika ukiipulizia tu.

Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kinachobaki ni kukiimarisha. Badilisha maji safi kila siku kwa wiki moja, kausha kivulini, kisha nywesha mfupa gundi nyepesi. Wahifadhi wa makumbusho wanatumia rezini ya akriliki iitwayo Paraloid B-72, gramu 5 hadi 10 ndani ya mililita 100 za asetoni, kwa brashi laini, tabaka nyembamba nyembamba. Sifa yake kubwa ni kwamba asetoni inaiyeyusha tena siku yoyote, kwa hiyo kosa la leo litarekebishwa na mwingine kesho. Ila inalainika kwenye nyuzi 40 hivi, kwa hiyo usiliache fuvu kwenye dirisha la jua wala ndani ya gari lililofungwa. Ukiikosa, gundi nyeupe ya seremala, sehemu moja kwa sehemu tano za maji, itasaidia, lakini baada ya miaka inageuka manjano na ni kazi kuitoa.

Meno yanayodondoka si ugonjwa. Kilichoyashika kilikuwa nyama, na nyama imetoka. Yachuje wakati wa kumwaga maji, yarudishe kwa tone la gundi. Yakipasuka kwa urefu, umekausha haraka mno au umeanika juani.

Kuna unga au punje chini ya sampuli

Mulika na utazame vizuri, kwa sababu unga huu una wenyewe tofauti.

Ukiona maganda ya mabuu yenye manywele, ya kahawia, marefu kama sentimita moja, pamoja na vinyesi kama nyuzi fupi, una yule mdudu anayekula samaki wakavu. Muuza dagaa au ng'onda yeyote anamjua. Kitaalamu ni Dermestes. Anakula ngozi, misuli iliyokauka, manyoya na kucha, lakini mfupa safi haumvutii. Akionekana kwenye fuvu lako, amekuambia bure kwamba bado lina nyama.

Ukiona unga laini chini ya kipepeo au ndege, na buu mfupi mnene wa milimita 3 hadi 5 mwenye vishungi vya nywele, huyo ni Anthrenus, adui wa kila makumbusho duniani. Mkubwa wake ni kidudu cha mviringo chenye madoa, kidogo kuliko punje ya mtama, na hamli kipepeo wako hata kidogo. Anakula chavua. Anaingia kwa njia ya maua, anataga kabatini, mabuu ndiyo yanayokula. Kwetu palikuwa na chombo cha maua mezani pa mwalimu wa zamu, hatua mbili kutoka kwenye kabati, na kila Jumatatu kilijazwa maua mapya. Nilikihamishia ofisini siku hiyohiyo.

Vijidudu vyeupe vya milimita moja vinavyokimbia ukiinua karatasi ni chawa wa vitabu. Hawa wanakula kuvu, kwa hiyo wanakueleza habari za unyevu. Na kama unga ni mweupe usio na ganda wala kinyesi, ruka hadi sehemu ya makombe.

Dawa ya mbu ya kupuliza haifai hapa. Inaacha madoa kwenye mabawa, na buu lililo ndani ya kiwiliwili hailigusi. Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, inafukuza zaidi kuliko inavyoua, inaumiza kichwa cha anayekaa humo, na inalainisha sponji nyeupe ya plastiki mnayochomekea pini. Sisi tuliacha.

Kinachoua ni baridi. Funga sampuli ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, funga na wa pili juu yake, weka kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Umeme ukikatika hadi barafu ikaanza kulegea, hesabu upya tangu siku ya kwanza. Ukitoa, usifungue mfuko hadi kesho yake. Ukifungua mapema, hewa yetu ya Pwani inageuka maji juu ya kitu cha baridi na umeharibu kwa mkono wa pili. Friza ya chakula haifai kwa sampuli iliyowahi kutiwa dawa yoyote. Omba kwenye chuo au ofisi ya mifugo.

Sisimizi ni suala jepesi zaidi: kila mguu wa kabati usimame ndani ya kopo lenye mafuta kidogo, na kabati lisiguse ukuta.

Bunju, kiti cha pweza au samaki mkavu analowa siku za mvua

Hii ni chumvi. Chumvi ya kawaida, hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, inaanza kufyonza maji hadi inayeyuka yenyewe. Ndiyo maana chumvi ya mezani inashikana wakati wa masika. Pwani yetu inavuka kiwango hicho kwa siku nyingi za mwaka. Samaki aliyekaushwa kwa chumvi, au aliyetolewa baharini na kuanikwa bila kuoshwa, amebeba chumvi hiyo hadi ndani ya ngozi. Hatakauka, wala vanishi haitamkausha. Itabanduka kama gamba, chini yake kukiwa na matone.

Kwa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, kuna nafuu. Kiloweke kwenye maji baridi masaa kadhaa, ukibadilisha maji mara tatu au nne, kisha siku moja kwenye spiriti, kisha kikaushe kivulini kikiwa kimelazwa bapa chini ya wavu. Okota wale tu waliokwisha kufa ufukweni. Kumtoa aliye hai mwambani kwa ajili ya rafu si elimu.

Bunju ni mgumu zaidi, kwa sababu umbo lake ni ngozi tupu iliyojazwa upepo. Ukimloweka, ananywea. Mpanguse kwa kitambaa chenye spiriti, umweke ndani ya sanduku la kioo pamoja na silika jeli, akae humo daima. Bunju mpya tumia boraksi, unga mweupe wa kukaushia, badala ya chumvi. Vaa glavu unapomtoa matumbo: sumu yake iko kwenye ini, mayai na hata ngozi, na haifi kwa kupikwa. Matumbo hayo yafukiwe chini sana. Paka wa jirani asiyapate.

Silika jeli ni vile vifuko vinavyokuja na boksi za viatu, ila chache hazitoshi. Nunua ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikijaa maji. Ya bluu ina kobalti, ambayo ni sumu. Ikijaa, ipashe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa masaa mawili au matatu, kwenye chombo kisichopikiwa chakula, nayo itarudi kazini. Mchele mkavu, ambao wengi wanaushauri, haukaushi vya kutosha, na zaidi unaalika fukusi.

Utando wa kijivu au madoa ya kijani

Kuvu. Usiifute ikiwa mbichi, utaisambaza na kuisukuma kwenye manyoya. Kausha kwanza ndani ya sanduku la silika, kisha peleka nje, vaa barakoa, brashi laini, upepo ukitoka mgongoni kwako. Malizia kwa spiriti iliyozimuliwa, sehemu tatu kwa moja ya maji. Kijani kwenye pini za wadudu pekee si kuvu bali ni shaba ya pini inayoshambuliwa na mafuta ya mdudu. Badilisha, tumia za chuma kisichoshika kutu.

Halafu tafuta chanzo, la sivyo utarudia kila mwaka. Kipimaunyevu kidogo cha dijitali ndani ya kabati kitakuambia. Chini ya asilimia 65 kuvu haioti. Kabati letu lilikuwa limeegemea ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Tulilisogeza kiganja kimoja tu, namba ikashuka.

Vanishi imekuwa nyeupe, inanata au inabanduka

Weupe kama wa maziwa uliotokea dakika chache baada ya kupuliza ni maji. Thina inapopaa inapoza uso wa sampuli, unyevu wa hewa unatua hapo na kunaswa ndani ya tabaka. Hutokea siku ya mvua au alfajiri. Puliza wakati wa kaskazi, kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, tabaka nyembamba. Iliyokwisha kugeuka nyeupe mara nyingi inarudi safi ukipitisha ukungu mwepesi wa thina yake siku kavu.

Inayonata baada ya wiki ina mafuta chini yake, au ilipakwa nene. Inayobanduka ina chumvi, vumbi au maji. Kwa hizo mbili dawa ni kutoa yote, si kuongeza tabaka.

Ukiniuliza kama fuvu safi linalokaa ndani ya kioo linahitaji kupakwa, nitakujibu halihitaji. Ninapaka yale tu yanayoshikwa na watoto, na ninatumia isiyong'aa. Ngozi na manyoya sipaki kabisa.

Makombe yana unga mweupe na kabati linanuka siki

Hapa anayelaumiwa ni mbao. Plaiwudi, mbao za unga ulioshindiliwa, na hata mbao ngumu mbichi, zinatoa mvuke wa asidi, na asidi hiyo inaishambulia chokaa ya kombe, kauri au ganda la yai, inaacha chumvi nyeupe juu yake. Mwingereza Loftus St. George Byne aliandika juu ya tatizo hili mwishoni mwa karne ya 19, na hadi leo linaitwa ugonjwa wa Byne, ingawa hakuna anayeambukizana. Osha kwa maji safi, kausha, hamishia kwenye vyombo vya kioo au plastiki visivyofungwa kabisa. Usipake vanishi, utafungia chumvi ndani.

Angalia pia silikoni uliyozibia sanduku la kioo. Ile inayonuka siki wakati inakauka inatoa asidi ileile. Mwambie fundi wa vioo akupe isiyo na harufu hiyo, na sanduku likae wazi hadi ikauke sawasawa kabla hujaingiza kitu.

Rangi imefifia

Mwanga umeila, na hairudi. Chui wa Unguja aliyejazwa na kuwekwa katika makumbusho ya Zanzibar amefifia sana, na ngozi zake zilizobaki kwenye makumbusho duniani ni za kuhesabika kwa vidole, kwa hiyo kilichopotea pale hakina mbadala. Kipepeo wako ni yuleyule kwa udogo. Pazia, rafu iliyo mbali na dirisha, na taa inayowashwa mtu akiwapo tu. Pale makumbusho ya Nairobi, tembo Ahmed wa Marsabit, aliyekufa 1974, anaonekana nje kwa umbo la faibaglasi, huku mifupa yake halisi ikiwa ndani. Kitu cha kusimama juani na mvuani kiwe nakala.

Mdudu ndani ya rezini anang'aa kama fedha

Ni hewa iliyobaki kati ya mwili na rezini, ile plastiki angavu inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikaganda. Alikuwa mkavu lakini hakulowanishwa na rezini kabla ya kumiminiwa. Akigeuka kahawia na rezini ikiwa na ukungu pembeni yake, hakuwa mkavu. Mpake rezini nyepesi kwa brashi kwanza, umimine kwa matabaka. Kilichokwisha kuganda hakifunguliwi, na kwa sababu hiyo sampuli ya pekee siiweki humo kamwe.

Vitu vya kutogusa

Mnyama uliyemkuta amekufa ghafla, damu ikimtoka puani au nyuma, usimsogelee wala usimchune. Huenda ni kimeta, na mbegu zake zinaishi ardhini na kwenye ngozi miaka mingi. Mwite afisa mifugo. Mbwa, mbweha na popo nao waache, kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Wanyamapori wana sheria. Tanzania ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, Kenya ni ya 2013. Fuvu la swala, jino la kiboko au gamba la kasa ni hatia kukaa nalo bila kibali, hata ukiokota njiani; huku kwetu linaitwa nyara ya Serikali na kesi zake ni nzito. Mbuzi, ng'ombe, kuku na samaki wa soko wanatosha kufundishia mifupa yote unayotaka.

Na kama shule, klabu au hoteli yenu ina kichwa cha nyati au ndege aliyejazwa tangu enzi za ukoloni, kichukulie kuwa kina aseniki, ambayo ni sumu kali. Sabuni ya aseniki ilivumbuliwa na Mfaransa Bécoeur karne ya 18, ikatumika kwenye ngozi na manyoya hadi ndani ya karne ya 20. Unga mweupe kwenye mashina ya manyoya au kuzunguka macho huenda ndio wenyewe. Usimpe mwanafunzi brashi akapanguse. Glavu, barakoa, kifuniko cha plastiki, kibao cha onyo, kisha piga simu makumbusho ya taifa waje wao.